Miungu ya Ukuta wa Dalal

Pol ya Vavdi, Mji wa Kale
11 Machi 1996

Kwa Mhandisi, Ofisi ya Majengo Hatarishi

Mheshimiwa,

Sisi wakazi wa Pol ya Vavdi, mtaa wetu wa kichochoro kimoja na geti moja, tunakuandikia tena kuhusu nyumba ya marehemu Dalal. Barua zetu mbili za mwaka jana hazikujibiwa. Huenda zilipotea. Huenda hazikupotea.

Nyumba hiyo ina kufuli tangu mzee alipokufa. Paa limeingia ndani. Orofa ya juu wanaishi kima, na katikati ya ukuta wa mbele umeota mpipali, mti mtakatifu ambao hakuna kibarua wa huku atakayekubali kuutia shoka. Ukuta wenyewe umeinamia kichochoro. Masika iliyopita ulidondosha matofali yakavunja mtungi wangu barazani. Nyumba yangu na ile zina ukuta mmoja ubavuni, kama kawaida ya pol zote, kwa hiyo ile ikienda sijui yangu itaegemea nini.

Juu ya hayo, watu wanaotoka sokoni wameufanya ukuta wa mbele kuwa choo chao na jalala lao. Harufu haisemeki.

Tunaomba nyumba ibomolewe au itengenezwe kabla ya mvua. Mkija kukagua, pigeni hodi kwenye mlango wa bluu. Siku zote mtu yupo.

Kwa niaba ya wakazi,
Taraben Chokshi

*

Ofisi ya Majengo Hatarishi
29 Machi 1996

Ndugu Wakazi,

Barua yenu imepokelewa na inashughulikiwa. Mnaarifiwa kwamba nyumba husika ina warithi kumi na mmoja, baadhi yao wakiwa nje ya nchi, akiwemo mmoja Mombasa, na kwamba sheria inataka wote waarifiwe kwanza. Tangazo litabandikwa mlangoni. Iwapo hakutakuwa na pingamizi, hatua stahiki zitafuata kwa wakati ufaao.

Mnashauriwa kutopita karibu na ukuta.

N. R. Vaghela
Karani, kwa niaba ya Mhandisi

*

Pol ya Vavdi
6 Aprili 1996

Bwana Vaghela,

Nimefurahi kujua kwamba ofisini kwenu kuna mtu mwenye jina.

Tangazo lilikuja. Tarishi wenu alilibandika kwa gundi ya unga, akanywa maji yangu, akaenda zake. Kabla hajafika getini, ng'ombe wa muuza maziwa alilila lote, akalamba na mlango. Sasa sijui kama mrithi wa Mombasa ameshaarifiwa au tumwulize ng'ombe.

Unatushauri tusipite karibu na ukuta. Bwana, kichochoro chetu nikinyoosha mikono nagusa pande zote mbili. Nipite wapi, juu na kima?

Asubuhi ya leo nimefagia mbele ya ukuta ule ndoo tatu za takataka. Nilipomwambia kijana mmoja "Hapa si choo," akanijibu, "Ba, mama yangu, kwani mwenyewe ni nani? Mwite aje anikataze." Mwenyewe ni nani, kweli?

Taraben Chokshi

*

22 Aprili 1996

Mheshimiwa Taraben,

Naomba radhi kwa kukuandikia kwenye karatasi yangu mwenyewe badala ya ya ofisi. Naomba pia barua hii usiionyeshe kwa mtu. Si kwamba ina ubaya. Ni kwamba si utaratibu.

Habari ya ng'ombe niliisoma mara mbili. Barua ninazopokea kutwa huanza na "Tafadhali rejea" na kuishia na mhuri. Yako nilitaka kumsomea mwenzangu, kisha nikakumbuka kwamba kwenye meza ya pili hakuna mtu tangu Januari.

Suala la nyumba lipo mikononi mwa Mhandisi. Linahitaji muda. Ila kuhusu takataka na lile jingine, naomba nikushauri jambo ambalo huenda tayari unalijua. Kwetu Amreli, penye ukuta unaochafuliwa, watu hubandika vigae vyenye picha za miungu. Mtu akiwaona hujizuia, hata mlevi. Fundi wa kwetu huweka na picha ya Makka na msalaba, ili asiwepo wa kusema yeye hahusiki. Vigae hivyo vinauzwa maduka ya vifaa vya bafuni. Ukivipanga usawa wa kiuno, inatosha.

Natumaini sijavuka mipaka.

Nimesh Vaghela

*

Pol ya Vavdi
9 Mei 1996

Nimeshbhai,

Mwenye sauti ya woga kama wewe lazima ni mdogo, kwa hiyo sitakuita bwana tena.

Nimefanya ulivyosema. Nilinunua Ganesh wawili, Mama Amba juu ya simba wake, Hanuman, Makka na msalaba. Muuza duka aliuliza kama najenga bafu. Nikamwambia ndiyo, la mtaa mzima. Kasambhai, fundi miavuli wa pale getini, alinikorogea saruji na kuvibandika, tena Makka aliiweka mwenyewe kwa adabu, juu kidogo ya wengine. Nikamwambia, "Kasambhai, unapendelea." Akasema, "Ba, mimi fundi, napima kwa jicho."

Tangu siku ile hajakojoa mtu. Yule kijana wa "mwenyewe ni nani" alikuja, akafika, akasimama, akafunga zipu upya na kuinamisha kichwa. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Ni muda mrefu sijacheka kwa sauti, nikajishtua.

Sasa nyumba. Mhandisi anasemaje?

Taraben

*

Pol ya Vavdi
29 Mei 1996

Nimeshbhai,

Hukujibu. Labda una kazi nyingi, au labda nilikuudhi niliposema una woga.

Nikueleze ya huku. Kwanza mwanamke mmoja aliweka ua mbele ya Mama Amba. Kesho yake akaja na shoga yake na taa ya samli. Kisha Govabhai, muuza maua wa sokoni, akapigilia bati dogo juu ya vigae ili mvua isiwapate. Mwanamke wa kwanza, mtoto wake amefaulu mtihani, na sasa habari imevuka mto. Kila Jumanne kichochoro kinajaa. Jana walianza kabla ya jua, wakaimba mpaka saa nne. Hata mlango wangu sikuweza kuufungua vizuri.

Nawapa maji. Wazee nawapa mtindi uliotiwa chumvi na bizari. Wananiita Ba. Wananiuliza nimelalaje. Dada mmoja aliniona nimevaa sari moja Jumanne mbili akanitania, "Ba, unamwekea nani zile nyingine?" Pol hii haikuwa na sauti za watu tangu shemeji zangu walipohamia kwenye maghorofa ng'ambo ya mto. Walisema watakuja kila sikukuu. Walikuja sikukuu moja.

Kuhusu nyumba ya Dalal, naona si jambo la haraka tena. Usimsumbue Mhandisi.

Taraben

*

3 Juni 1996

Mheshimiwa Taraben,

Hukuniudhi. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno la kweli la kukuandikia, na la uongo nimeshakuandikia moja.

Nilisema suala lipo mikononi mwa Mhandisi. Halikuwepo. Lilikuwa kwenye droo yangu. Siku yangu ya kwanza kazini Mhandisi alisema, "Vaghela, majalada ya mji wa kale usiniletee mpaka nikuulize," na hajawahi kuuliza. Ushauri wa vigae nilikupa ili unyamaze kidogo.

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa ndiyo iliyonitoa jasho. Watu wangapi wanasimama chini ya ukuta ule? Nililitoa jalada siku iyo hiyo nikaliweka mezani kwake. Alikasirika, lakini alisoma, na kwa haki yake, alisema ukuta wenye mpipali hauvuki mvua kubwa ya kwanza. Akaita gari. Tulifika getini kwenu asubuhi watu wakiwa na maua. Hakushuka. Akasema, "Hili si jengo hatarishi tena, hili ni mahali pa ibada. Nani anataka kuandikwa magazetini kwamba alivunja miungu? Rudisha gari." Njiani akauliza, "Ni mpumbavu gani aliyeanzisha hii?" Nikatazama dirishani.

Jalada sasa limeandikwa lisiguswe mpaka idhini itoke juu, na juu hakuna atakayeitoa. Tafadhali, vibandue vile vigae. Havikutiwa uhai na kuhani yeyote. Kwa kanuni za dini zetu wenyewe, bado ni vigae vya bafuni.

Nimesh Vaghela

*

Pol ya Vavdi
6 Juni 1996

Nimesh,

Nenda kamwambie mama wa yule mtoto aliyefaulu kwamba ni vigae vya bafuni. Mimi nitakushikia viatu ukikimbia.

Umeniandikia uongo, na hilo nimelisamehe kabla sijafika mwisho wa mstari. Lakini usinitake nitoke barazani niwafukuze watu. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika "sisi wakazi". Unajua wakazi ni nani? Nyumba kumi na nne, kufuli kumi na tatu. Sasa nina watu, nawe unaniambia nibandue.

Ukuta umesimama tangu kabla ya baba mkwe wangu. Upande wangu hauna hata ufa. Msijisumbue kuja.

Taraben

*

10 Juni 1996

Taraben, Ba,

Najua ulisema nisije. Nilikuja Jumamosi hata hivyo, bila kuaga ofisini. Nakushukuru kwa wali wa dengu na kwa kunikalisha kwenye bembea ya sebuleni kama mgeni wa maana. Sijakaa na mtu kula tangu nihamie mji huu. Ndiyo maana pale kwako nilishindwa kusema nililoliona, na nalisema hapa.

Ulipoingia jikoni kunitilia mtindi, nilikufuata na bilauri yangu. Kwenye ukuta wa upande wa Dalal umetundika kalenda ya duka la dhahabu. Kalenda ilikuwa inapepea. Ba, upande ule hakuna dirisha.

Uliponiona naitazama ukasema, "Feni hiyo." Jikoni kwako hakuna feni.

Ulipotoka kumfukuza kima, niliinua kalenda. Mkono wangu uliingia mpaka kiwiko, na nikaona mwanga wa ndani kwa Dalal. Nimesoma miaka mitatu chuoni namna majengo yanavyokufa, nikafeli mtihani wa mwisho, ndiyo maana ni karani. Lakini kwa hili huhitaji cheti. Ukuta wa mbele umeachana na wa ubavuni. Maji yakiingia, utaanguka nje, kichochoroni, palepale walipo watu wako. Redio inasema mvua imeshafika kusini.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mhandisi nikamwambia mpumbavu aliyeanzisha ni mimi. Akasema, "Vaghela, serikali haiwezi kuwaondoa miungu. Waliowaweka wakiwaondoa wenyewe, mimi natuma mafundi siku hiyohiyo. Hiyo naweza kuisaini." Kisha akasema niende zangu, na kwamba kazi yangu ataifikiria.

Mimi siwezi kuja kuwaambia watu wale. Ningekuja, ningesema "kwa mujibu wa" na wangenipiga kwa haki. Wanakuamini wewe. Najua ninachokuomba. Ningekuwa na kingine cha kukuomba, ningekuomba hicho.

Nimesh

*

Pol ya Vavdi
19 Juni 1996

Nimesh,

Imekwisha. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu leo hakuna wa kuzungumza naye.

Wiki nzima nilikukasirikia. Nilikuwa naipita ile kalenda nikisema kesho. Juzi jioni ilinyesha mvua ya dakika chache, na asubuhi kwenye sakafu ya jikoni kulikuwa na udongo mwekundu, umemwagika kama unga. Nikaufagia. Nje walikuwa wameshaanza kuimba, ilikuwa Jumanne, na yule dada wa sari alikuwa amemkalisha mwanawe mchanga chini ya bati, mgongo kwenye ukuta.

Nikatoka, nikapanda juu ya kiti changu cha jikoni. Nikasema, "Sikilizeni. Leo miungu inahama."

Govabhai akacheka. "Ba, miungu imekwambia lini, mbona sisi haijatuaga?"

"Haijaniambia. Nawahamisha mimi. Ukuta huu unaanguka."

"Nani kasema? Serikali?" Mwingine akadakia, "Wanataka kiwanja hao! Wamempa nini huyu bibi?"

Nikawaambia ukweli. Kwamba nilivinunua dukani, sehemu ya mabomba, ili watu wasikojoe hapa. Kwamba kuhani hakuwepo, alikuwepo Kasambhai na ndoo ya saruji. Kisha mama wa yule mtoto aliyefaulu akasema, polepole, "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikiliombea bafu?" Na akaanza kulia. Nilitaka kumshika. Akaurudisha mkono wangu.

Hawakuamini habari ya ukuta. Nikawaita jikoni, wawili wawili, nikaibandua kalenda. Govabhai alitia mkono, akautoa una udongo mwekundu, akaufuta kwenye shati lake. Alipotoka nje alimnyanyua yule mtoto kwanza, akampa mama yake, kisha akawaambia watu wasogee.

Alivitoa vigae mwenyewe kwa tindo, kimoja kimoja, na kila kimoja akikiomba radhi. Alivipanga kwenye sinia la shaba. Makka aliichukua Kasambhai, akaifunga kwenye kitambaa cha mwavuli. Mwenye msalaba hakuwepo, akauchukua yeye pia, akasema atamtafuta mwenyewe. Ganesh mmoja alivunjika pembe, mtu akaguna kwamba ni laana yangu. Wakapata ngoma, sijui wapi, wakaondoka nao kwenda ukuta wa soko la maua, wakiimba. Wimbo ulipungua mpaka getini, ukaishia kwenye kelele za barabara.

Hakuna aliyenywa maji. Yule dada wa sari alipita mbele yangu akitazama chini. Kutoka nyuma nilisikia wakiniita "yule aliyewafukuza miungu".

Mwambie Mhandisi ukuta ni mtupu. Aharakishe, nisije nikatafuta tindo na saruji mimi mwenyewe.

Taraben

*

Ofisi ya Majengo Hatarishi
12 Julai 1996

Kwa Wakazi wa Pol ya Vavdi

Ndugu Wakazi,

Mnaarifiwa kwamba kazi ya kuiondoa nyumba ya marehemu Dalal ilikamilika tarehe 22 Juni. Taarifa ya msimamizi inasema ukuta wa mbele ulianguka wote kwa mara moja, kichochoroni, kamba ya kwanza ilipofungwa, kabla haijavutwa. Hakuna aliyedhurika. Ukuta wa ubavuni umewekewa magogo ya kuuegemeza na turubai, na utajengwa upya mvua zikiisha.

Ili jalada lifungwe, utaratibu unataka wakazi wathibitishe kwa maandishi kama wameridhika au hawakuridhika. Tafadhali mjibu mapema.

N. R. Vaghela
Karani, kwa niaba ya Mhandisi

(Ba, bado nipo kazini. Nimehamishiwa kwenye ile meza ya pili, karibu na mlango. Kila anayepita ananigonga kiwiko. Sikuandika mapema kwa sababu sikujua kama bado ungependa kusoma mwandiko huu.)

*

Pol ya Vavdi
17 Julai 1996

Kwa Karani Vaghela

Bwana Karani,

Barua yenu imefika. Mvua inapiga turubai kama mtu anayepepeta mchele, na jikoni kwangu kuna mwanga ambao sijauona tangu niolewe. Pale palipokuwa na nyumba ya Dalal pana kifusi, na kima wanakaa juu yake wakinitazama kama mimi ndiye niliyewavunjia.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilijaza mtungi kwa mazoea. Jioni nikayamwaga maji kwenye mrehani.

Mmetaka wakazi waseme kama wameridhika. Tulifanya kikao barazani asubuhi hii kama utaratibu unavyotaka. Nilihudhuria mimi. Hoja ililetwa, ikajadiliwa kwa muda mrefu, lakini akidi haikutimia, kwa hiyo hatukuweza kupitisha lolote.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumanne ijayo, saa nne.

Kwa niaba ya wakazi,
Taraben Chokshi

*

Ofisi ya Majengo Hatarishi
20 Julai 1996

Kwa Mhandisi

Mheshimiwa,

Yah: Ombi la ruhusa ya nusu siku, Jumanne tarehe 23 Julai

Naomba kwa heshima ruhusa ya kutokuwepo kazini kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Sijawahi kuomba ruhusa hapo kabla, na sijui kama nimetumia karatasi sahihi. Iwapo ruhusa haitatolewa, naomba nieleze mapema kwamba nitakwenda hata hivyo.

Sababu ya ombi: jalada la Pol ya Vavdi haliwezi kufungwa. Wakazi wamepungukiwa na mtu mmoja.

Wako mtiifu,
N. R. Vaghela
Karani